Jibu: Nilizaliwa njiti, sasa nina presha. Vinahusiana?

Mkuu, umesema ulizaliwa wiki ya 30, na juzi kwenye upimaji wa bure pale Mnazi Mmoja wamekukuta na presha ukiwa na miaka 29 tu. Ndiyo, vinaweza kuhusiana. Vichujio vingi vya figo hutengenezwa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Njiti humalizia kazi hiyo nje ya tumbo, kwa wiki chache tu, kwa hiyo wengi hubaki na vichujio pungufu, navyo vinabeba mzigo mzima maisha yote. Presha hupandia hapo.

Mapafu ya njiti nayo huweza kubaki dhaifu, kwa hiyo kama unavuta sigara acha leo. Kisukari pia kinawapata zaidi waliozaliwa njiti.

Lakini usijitangazie ugonjwa kwa kipimo kimoja, tena umesimama foleni juani! Pima tena siku tofauti, umekaa umetulia. Ukimwona daktari mwambie ulizaliwa wiki ya ngapi, maana wengi hawamuulizi mtu mzima swali hilo (mimi wa wiki 32 sijawahi kuulizwa). Omba na kipimo cha mkojo, waangalie kama figo zinavujisha protini. Na chumvi ya kuongeza kwenye chipsi, punguza.