Mzee wa Ramani anajibu: Haugen ya babu iko wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mume wangu ni Mnorwei, na mwezi wa saba tunakwenda kwao na watoto. Anataka wakakanyage pale alipozaliwa babu wa baba yake. Tulichonacho ni picha moja, nyuma imeandikwa kwa wino: "Haugen, Ringebu Prgj., Kristians Amt, 1871". Nimeandika Haugen kwenye ramani ya simu, alama zikatapakaa nchi nzima. Hiyo Kristians nayo imenipeleka Kristiansand, mji wa pwani ya kusini. Halafu jina la babu ni Haugen, la ndugu yake wa tumbo moja ni Bakken. Walikosana?
Mama Jonas, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba, Mama Jonas. Huenda hawakukosana hata siku moja, ila mmoja alihama. Zamani Mnorwei wa kijijini alikuwa na jina lake, la baba yake, kisha la shamba analoishi. Akihamia shamba jingine, jina la mwisho linabadilika. Sheria ya kila familia kushika jina moja la ukoo ilikuja 1923. Kwa hiyo Haugen hapo ni anwani, tena anwani ya kuchosha: maana yake ni kama "kilimani", na Bakken ni "mteremkoni". Mtu akiniambia anakaa Mbuyuni, namuuliza Mbuyuni ya wapi.

Basi anza na maneno ya mwisho. Kristians Amt ulikuwa mkoa wa bara, wala hauhusiani na Kristiansand. Mwaka 1919 uliitwa Oppland, na 2020 ukaunganishwa na Hedmark kuwa Innlandet. Usishangae, Arusha niliyoanza kuichora mimi ilikuwa na Manyara ndani yake. "Prgj." ni prestegjeld, ambayo sisi Walutheri wa huku tungeiita usharika, wenye mitaa yake. Ringebu ipo mpaka leo, na ndani yake kuna makanisa ya Fåvang na Venabygd pia, kwa hiyo msikimbilie kanisa moja.

Sasa fungua Digitalarkivet, hifadhi ya nyaraka ya taifa lao. Ni bure. Tafuta sensa ya 1875 ya Ringebu. Kama 1871 ya kwenye picha ndio mwaka aliozaliwa, babu alikuwa na miaka minne. Ukimwona na wazazi wake, usifunge ukurasa kwa furaha. Nakili majina ya mashamba yaliyoandikwa kabla na baada ya lao, maana mara nyingi karani alikwenda jirani kwa jirani. Haugen peke yake haikuambii kitu, lakini Haugen iliyozungukwa na majirani wale wale watatu au wanne haiwezi kukupotea.

Hayo majina yapeleke kwenye ramani za zamani za Kartverket, ofisi yao ya ramani, nazo ni bure. Zipo za kipimo cha 1:100,000. Tahadhari na tahajia: herufi å ilishika nafasi ya aa mwaka 1917, hivyo Fåvang utaikuta Faavang, na Haugen inaweza kuwa Hougen. Mimi husoma kwa sauti. Sikio linatambua kabla ya jicho.

Ukishalipata shamba, litafute kwenye daftari la mashamba la 1886. Hapo kila shamba lilipewa namba, na nyingi bado zinatumika kwenye ramani za leo. Tofauti na jina, namba haina pacha ndani ya eneo lake.

Jambo moja zaidi. Kwenye sensa, ukiona neno plads karibu na jina, familia ilikuwa wapangaji kwenye kipande cha shamba la mtu, na kipande hicho huenda hakikupata namba yake. Tafuta shamba mama. Nyumba yenyewe pengine haipo. Mtakuta mawe ya msingi kwenye nyasi. Wabebeeni watoto mabuti.