Unguja usiku mmoja kwa ajili ya kula tu: fuata saa za mji

Mkuu, umesema mnatoka Dar Jumamosi wewe na shemeji, mnarudi Jumapili jioni, hamtaki ufukwe wala mashamba ya viungo, mnataka kula tu. Umeuliza muanzie wapi na mlale wapi. Naona wengi wamekujibu Forodhani, ile bustani ya pwani ya Mji Mkongwe yenye wauza vyakula usiku. Mimi Forodhani ningeiweka mwisho, tena kidogo kidogo, nikizingatia nilivyokula pale mjini miaka yote hii ya kwenda na kurudi kikazi.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba Unguja mjini kila chakula kina saa yake. Saa nne asubuhi wauza urojo wengi bado wanamenya viazi. Supu ya saa kumi jioni ni makombo ya asubuhi. Mishkaki ya maana inaanza kunukia jua likishazama. Kwa hiyo usipange migahawa, panga saa, halafu mle nusu nusu. Sahani moja, watu wawili, kila mahali. Shemeji akiagiza yake na wewe yako, saa nane mchana mtakuwa mmelala chali hotelini na mji mnausikia dirishani.

Pandeni boti ya kwanza ya asubuhi, vitambulisho mkononi. Safari ni kama saa mbili, na humo ndani msile kitu. Mkishuka bandarini Malindi tembeeni kwa miguu mpaka soko la Darajani, ni karibu. Kwanza supu na chapati, kwenye mgahawa wowote mdogo mnaoona wachukuzi na wafanyabiashara wa soko wamekaa. Supu ya mbuzi au ya ng'ombe, ndimu na pilipili pembeni. Mkibahatika kukuta boko boko, ngano na nyama vilivyopondwa mpaka vikashikana, acheni supu mchukue hiyo, maana haipatikani kila siku. Kisha ingieni sokoni. Jengo lile la zamani ni la mwaka 1904, na upande wa samaki asubuhi ndiko utakapoona pweza na ngisi mtakaowala mchana. Kama ni msimu, nunueni shokishoki za kutembea mnakula. Doriani je? Kuleni palepale barabarani na mmalize, hoteli hazitaki kuisikia hiyo harufu.

Mchana nendeni mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini. Najua ni maarufu na kila mtu anaitaja, lakini inastahili. Vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Fikeni kabla umati wa Adhuhuri haujaingia. Biriani waachieni wengine, hata Dar ipo. Chukueni wali wa nazi, pweza wa nazi, mchicha, na kama kuna ndizi za nazi ongezeni kidogo. Pweza wao akiwa amepikwa vizuri, uma unapita bila kusukumwa, na ule mchuzi ndio wa kumalizia wali. Msiagize soda. Kuna juisi ya ukwaju au ya bungo, kutegemea siku.

Baada ya hapo laleni. Nasema kweli, mji wenyewe unapoa mchana.

Saa kumi hivi vukeni barabara ya Darajani muingie Ng'ambo. Hapa ndipo wageni wengi hawafiki, wanabaki wanazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe wakati wenyeji wengi wa mji wanaishi na kula upande huu. Elekeeni Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu, muulize urojo. Utaoneshwa tu, kila mtu ana wake anayemwamini na atakugombeza ukienda kwa mwingine.

Simameni muangalie unavyotengenezwa. Mama anashika bakuli, anamega viazi vya kuchemsha, anavunjia kachori, anatupia bajia ndogo za dengu, anachomoa nyama kwenye kijiti. Halafu upawa wa urojo wenyewe, ule mchuzi wa manjano, mzito kidogo kwa unga wa ngano, mkali kwa embe mbichi na ndimu. Juu anaweka chatne ya nazi, pilipili, na konzi ya chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba kama karatasi. Mwambie kiasi cha pilipili kabla hajagusa kijiko chake, kwa sababu hapimi kwa kukuhurumia. Na zile chipsi ziliwe upesi zikiwa bado zinavunjika, zikilowa umepoteza nusu ya utamu. Kiukweli, kama mngekuwa na saa tatu tu za kukaa Unguja, ningewaambia mshuke, mle hiki, mrudi botini.

Kahawa ni kabla ya Maghrib, Jaws Corner, kijiwe cha kahawa ndani ya Mji Mkongwe. Muuzaji ana dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kahawa chungu bila sukari, na kashata ya kuung'ata kati ya funda na funda. Kaeni barazani msikilize mpira na siasa. Wengi hapo ni wanaume, lakini shemeji akikaa hakuna atakayemshangaa, wameshazoea. Mavazi ya heshima tu, kama kawaida ya kule.

Sasa Forodhani. Nendeni giza likianza kuingia, vijana wakiwa bado wanajirusha baharini pale ukutani, mnunue juisi ya muwa. Hakikisheni muwa umekunjwa na ndimu na tangawizi ndani kabla haujapita kwenye mashine, bila hivyo ni maji ya sukari. Pizza ya Zanzibar moja mgawane, ya nyama na yai, mkisimama pale pale kwenye chuma mkiona unga unavyovutwa na kukunjwa. Kwenye zile meza za samaki mimi huwa napita. Vijiti vingi vimeshachomwa mapema na vinapashwa tu ukifika, na bei inasomwa usoni mwako. Mkitaka lazima, ulizeni bei ya kijiti kimoja kimoja kabla hakijawekwa motoni, na mchague kinachochomwa mkikiona.

Usiku rudini Ng'ambo mkale mishkaki na mkate wa ufuta wa moto, huo mkate ukitoka tanuri unatosha hata peke yake. Ndiyo maana kulala nashauri Malindi, Mkunazini au Vuga: mnatembea kwa miguu pande zote mbili. Chai ya hotelini msiilipie kama mna hiari. Jumapili asubuhi ni maandazi, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye iliki, mtaani.

Kama mnakwenda Ramadhani, futeni ratiba yote hii. Mchana migahawa mingi imefungwa na kula hadharani si jambo la kufanya. Laleni mchana, muanze na futari, na mji utawalisha mpaka daku.

Jumapili kabla ya bandari pitieni Darajani mkachukue haluwa. Onjeni kwanza, nzuri haikwami kwenye meno na hainuki mafuta ya zamani. Mlo wa mwisho uwe saa moja au mbili kabla ya kupanda. Na kama ni miezi ya upepo wa kusi, kuanzia Juni hivi, hata huo upunguzeni, mkae nyuma chini, kipande cha tangawizi mdomoni. Boti inayorudi Dar jioni huwa haina huruma na tumbo lililojaa pweza.