Maswali ya Wasomaji: Seva ya COM inayojifunga huku mteja akiingia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa C++ seva ya COM (mfumo wa Windows unaoiwezesha programu moja kutumia obijekti za nyingine) ya faili la EXE, inayochapisha risiti. Mhudumu akifunga dirisha la mauzo na kulifungua tena papo hapo, mara nyingine obijekti hupatikana vizuri, lakini wito wa kwanza hurudisha 0x800706BA. Hesabu ya obijekti ikifika 0, seva husubiri sekunde tatu kwa Sleep na kuiangalia tena kabla ya kujifunga. Hitilafu imepungua, ila haijaisha. Tena seva yenyewe huanguka kwa 0xC0000005 (kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) inapofungwa. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuiondoa hiyo Sleep, kwa sababu inalifanya kosa litokee kwa nadra bila kuliondoa, na kosa la nadra ndilo gumu zaidi kulinasa.

Namba 0x800706BA ina maana kwamba seva ya RPC (njia ya wito kutoka mchakato mmoja hadi mwingine) haipatikani: mteja, yaani dirisha la mauzo, ameshika pointa ya obijekti ambayo mchakato wake umekwisha kufa. Seva yako inaona hesabu ni 0 na kuamua kujifunga, lakini CoRevokeClassObject, inayofuta usajili wa klasi, haijaitwa bado, hivyo Windows ingali inaamini kwamba seva inapokea wateja. Dirisha la mauzo likifunguliwa katika upenyo huo, hata uwe wa milisekunde moja, CoCreateInstance, inayoomba obijekti mpya, inafaulu na hesabu inapanda hadi 1, wakati hakuna anayeitazama tena.

Acha kutunza hesabu yako mwenyewe. Ita CoAddRefServerProcess kila obijekti inapoundwa na CoReleaseServerProcess inapoharibiwa, na ufanye vivyo hivyo ndani ya LockServer, ambayo mteja huiita ili seva isijifunge. CoReleaseServerProcess ikifikisha 0 husimamisha papo hapo usajili wa klasi zako zote, kwa hiyo mteja anayekuja baada ya hapo huanzishiwa mchakato mpya. Wewe tuma WM_QUIT (ujumbe wa kufunga programu) pale tu inaporudisha 0. Usiihesabu AddRef (ongezeko la hesabu ya marejeo) ya kiwanda cha klasi, yaani obijekti inayounda obijekti nyingine, kwa kuwa COM yenyewe hukishikilia tangu usajili, na ukiihesabu seva haitajifunga kamwe.

Kuhusu 0xC0000005, sijauona msimbo wako, lakini ningetazama kwanza mwisho wa main. CComPtr (pointa inayojiachilia yenyewe) iliyotangazwa mwanzoni mwa main huita Release kwenye mabano ya kufungia, yaani baada ya CoUninitialize, inayofunga COM, wakati DLL yenye obijekti hiyo huenda imekwisha kuondolewa kwenye kumbukumbu. Izungushie pointa hiyo mabano yake ya ndani, ili iachiliwe kabla ya CoUninitialize.

Unapojaribu, endesha wateja wawili wanaounda na kuachilia obijekti mfululizo. Ukimuua mteja aliye kwenye mashine nyingine, usidhani seva imekwama: mashine ya mteja hutuma ishara ya uhai kila dakika 2, na COM hukata tamaa baada ya kuikosa mara 3, kwa hiyo obijekti zake zitabaki hai kwa takriban dakika 6.