Mwajiri wa zamani anapokufuata hadi unakoomba kazi

Assalamu alaykum, dada yangu. Umeeleza kwamba uliondoka hotelini baada ya kulalamika kuwa wanaovaa ushungi hawapangwi mapokezi, na kwamba sasa kila unakoomba kazi, meneja wako wa zamani akipigiwa simu anasema wewe ni mfitini. Yalinifika haya haya pwani ya mashariki ya Unguja, na uchungu wake ninaujua.

Wengi watakuelekeza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Hiyo ni ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, na huku kwetu Zanzibar tunafuata Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, ambayo inakataza ubaguzi kazini. Mgogoro huanzia Kamisheni ya Kazi kwa usuluhishi kabla ya kufika Mahkama ya Kazi. Mimi nilipoteza wiki 3 nikiandika barua kwa vifungu vya Bara, nawe usiyarudie hayo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kueleza kila kitu kwa pumzi moja: ushungi, matusi, cheti cha utumishi nilichonyimwa, simu za fitina. Afisa hakuona pa kushika. Mwanasheria wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kina ofisi Unguja na Pemba, ndiye aliyeniambia niandike tarehe ya lalamiko langu juu ya karatasi, kisha chini yake kila kilichofuata, kwa siku yake na kwa jina la aliyeshuhudia. Hapo ikaonekana kwamba kwa miaka 4 sikuwahi kupewa onyo hata moja, lakini ndani ya siku 11 baada ya kulalamika nilipewa mawili. Barua walizoziandika ili kunitia makosani ndizo zilizokuwa ushahidi wangu.

Fitina ya simu ni ngumu zaidi kuithibitisha. Nilikwenda mwenyewe Paje kwa afisa utumishi aliyenikatalia kazi, nikamwomba kwa upole aandike alichoambiwa, naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, akaandika. Wawili wengine walikataa, na siwalaumu, kwani nao wana ajira za kulinda.

Kaangalie pia michango yako ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, kama mwajiri aliipeleka yote. Yangu ilipungua miezi 5.

Mbele ya msuluhishi sikupata fedha zote nilizodai. Nilipata cheti chenye cheo na miaka yangu ya kazi, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba atakayeuliza habari zangu ataelezwa hayo tu. Barua zako za maonyo, kama bado unazo, zitoe nakala leo, na moja uiweke kwa ndugu asiyefanya kazi hapo.