Maswali ya mafundi: Kebo imeingia kwenye PLC, ila itaongea?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Mimi fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa, mashine yetu ina PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) ya Siemens S7-200, CPU 224, aliyeifunga alishaondoka na bosi anataka tuwe na kopi ya programu kabla mambo hayajaharibika. Laptopu yangu ni Windows 11, haina tundu la serial, jamaa kaniwekea TIA Portal (programu ya Siemens ya kuandikia na kusomea PLC), na Kariakoo nimeona kebo ya pini 9 bei chee, inaingia kwenye PLC vizuri tu. Ninunue?
– Fundi wa zamu, Morogoro

JIBU: Usinunue, na kama umeshanunua usiichomeke. Poti ya S7-200 ni RS-485, tundu la serial la kompyuta ni RS-232, hizo ni aina mbili tofauti za mawasiliano, zote pini 9 na kwa macho huwezi kuzitofautisha, ila kwenye PLC yako data inapita pini ya 3 na ya 8 halafu pini ya 7 inatoa volti 24, sasa ukiunga kebo ya moja kwa moja hizo volti 24 zinaenda kwenye pini ambayo upande wa kompyuta haikuzitegemea kabisa. Adapta ya USB utakayoiunga kwenye laptopu inaweza kuungua, na poti ya PLC ikiifuata hapo bosi ndo atakujua vizuri.

Unayotaka inaitwa kebo ya USB/PPI, PPI ndiyo lugha ya mawasiliano ya S7-200. Ya Siemens wenyewe ni 6ES7 901-3DB30-0XA0, bei yake inauma kidogo. Za Kichina zipo na nyingi zinapiga kazi freshi, ila kabla hujatoa hela uliza ndani kuna chipu gani. FTDI halisi haina usumbufu, CH340 nayo inaenda, ila zile zenye PL2303 za zamani au za kughushi ukichomeka kwenye Windows mpya, Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) inakuandikia kwamba chipu ilishaondolewa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Na aliyekuuzia unamjua atakavyokujibu.

TIA Portal isahau kwa hii mashine, hiyo ni ya S7-1200, 1500, 300 na 400, S7-200 haimo. Tafuta programu ya STEP 7-Micro/WIN 4.0 yenye SP9 (sasisho la tisa), na usije ukachukua Micro/WIN SMART maana hiyo ni ya S7-200 SMART, PLC nyingine hiyo japo majina ni ndugu. SP9 ni ya enzi za Windows 7, kwenye 11 wengine inawakubalia wengine inawagomea, mi ningekushauri usihangaike nayo, weka Windows 7 ndani ya VirtualBox au VMware (programu za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) na kebo uikabidhi huko ndani, au fufua laptopu kuukuu iliyolala stoo.

Kwenye mipangilio ya mawasiliano kebo ya Siemens unachagua USB, za Kichina nyingi zinajitokeza kama COM (poti ya serial) kwa hiyo weka namba ya COM ileile unayoiona kwenye Device Manager. Anwani ya PLC kutoka kiwandani ni 2 na spidi 9.6 kbps, aliyefunga kama alibadilisha basi weka tiki itafute spidi zote.

Sasa hapa tulia: unabonyeza UPLOAD, siyo download. Upload inatoa programu kwenye PLC kuja kwako, download inaandika juu ya iliyopo na mashine ndo imelala. Majina na maelezo ya aliyeandika hutayapata, utaona I0.0 (ingizo), Q0.3 (towe), utayafuata mwenyewe kwenye waya. Ikidai paswedi na mtu akakwambia andika clearplc itafunguka, ni kweli itafunguka, lakini itakuwa imefuta kila kitu.

SWALI: Nina kebo ya duara ya PLC ya Mitsubishi FX, nimeona inaingia kwenye PLC ya Delta DVP. Naweza kuitumia?
– Msomaji, Thika

JIBU: Hapana ndugu. Zote ni duara za pini 8, ila ya FX ni RS-422, aina nyingine ya mawasiliano, na COM1 ya Delta ni RS-232. MicroLogix ya Allen-Bradley nayo ina kiduara hichohicho na mpangilio wake ni mwingine tena, kwa hiyo kwenye droo yako bandika lebo kila kebo. Programu ya Delta ni WPLSoft au ISPSoft, za bure, mawasiliano ya kuanzia ni 9600, 7, E, 1 (spidi, biti za data, pariti even, biti ya kusimama).

SWALI: Rafiki kanitumia projekti ya TIA Portal toleo la V17, mimi nina V15, haifunguki.
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Na haitafunguka, TIA hairudi nyuma. Pakua jaribio la V17 la siku 21 au mwombe akutengenezee upya kwenye V15. Kebo ya S7-1200 angalau haina stori, ni ya mtandao ya kawaida tu.