Kipeo au kipeuo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kliniki nimepewa karatasi ya kujipimia BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Imeandikwa: "Gawa uzito wako kwa kipeuo cha pili cha urefu wako." Nina kilo 68 na mita 1.70. Nimepata 52, na usiku ule sikupata usingizi. Mwanangu wa darasa la saba anasema karatasi imekosewa, ilipaswa kuwa "kipeo". Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Ni kweli kabisa, mwanao kakuokoa.

Kipeo cha pili cha namba ni namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe: cha 3 ni 9. Kipeuo cha pili ni kinyume chake: cha 9 ni 3. Wewe ulitii karatasi. Ukabonyeza alama ya kipeuo kwenye kikokotoo, 1.70 ikageuka 1.3, na 68 gawa kwa 1.3 ndiyo hiyo 52 iliyokunyima usingizi. Sasa zidisha 1.70 kwa 1.70: unapata 2.89. Gawa 68 kwa 2.89, jibu ni 23.5. Shirika la Afya Duniani linahesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 25 uzito umezidi, na 30 kwenda juu ndiyo tunaita kiribatumbo.

Neno hilo nalo lina mtego. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji, kwa hiyo msikilizaji huona tumbo lililojaa. Lakini kipimo hiki hakijui tumbo, kinajua kilo na mita tu. Mpagazi aliyejengeka misuli anaweza kuvuka 25 na kitambi hana. Kitambi kipimwe kwa futikamba kiunoni.

Ningeiandika mimi karatasi hiyo, ningesema: "Zidisha kimo chako (katika mita) kwa kimo hicho hicho. Kisha gawa kilo zako kwa jibu ulilopata." Ni ndefu zaidi, ila haimpotezi mtu. Na nimechagua kimo kwa makusudi: urefu hata kamba inao, kimo ni cha aliyesimama.

Mrudishie muuguzi karatasi yake, umwoneshe kwa kidole hiyo "u" iliyozidi, aifute kabla hajampa mwingine.