Ini likiugua pamoja na viungo: maswali ya wasomaji

Nina lupus, ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe. Vipimo vinaonyesha ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini, zimepanda. Je, lupus imeingia kwenye ini?

Inawezekana, ila isiwe ya kwanza kushukiwa. Anza na dawa: methotreksati, leflunomaidi, azathioprini, diklofenaki, na mitishamba ambayo wagonjwa wengi huificha. Fuata virusi vya homa ya ini B na C, halafu mafuta kwenye ini. Kisha omba CK, kimeng'enya cha misuli, ipimwe, kwa sababu misuli iliyovimba nayo humwaga AST na ALT kwenye damu. CK ikiwa juu huku GGT, kimeng'enya cha ini, ikiwa ya kawaida, huenda ini linasingiziwa.

Yote hayo yakiondolewa, ndipo inapoangaliwa homa ya ini ya kinga kujishambulia. Hupimwa IgG, aina ya kingamwili kwenye damu, na kingamwili dhidi ya misuli laini. ANA, kingamwili dhidi ya kiini cha seli, haitakusaidia hapa, maana lupus yenyewe huileta. Hata kingamwili dhidi ya DNA, ambayo wengi huiona kama muhuri wa lupus, hupatikana kwa baadhi ya wagonjwa wa ini. Mwamuzi ni biopsi, yaani kuchunguza kipande kidogo cha ini.

Macho na mdomo vimekauka, ngozi inawasha, na ALP, kimeng'enya kinachopanda njia za nyongo zikiumia, iko juu. Kuna uhusiano?

Upo. Ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga hukausha macho na mdomo, na PBC, yaani ugonjwa wa kinga kuharibu vijifereji vya nyongo ndani ya ini, hupenda kwenda pamoja. Pima AMA, kingamwili inayoashiria PBC: huonekana kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa PBC.

Dawa ya kwanza ni asidi ya ursodeoksikoliki, miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 780 hadi 900. Akipewa 500 tu, ALP inaweza kugoma kushuka, kisha ikasemwa dawa imeshindwa. Dawa hii haitibu kuwashwa, kwa hilo kuna kolestiramini, lakini ziachanishe kwa saa 4, la sivyo kolestiramini itaikamata asidi hiyo tumboni kabla haijafyonzwa. Ukavu nao unataka matone ya macho na daktari wa meno.

Nina skleroderma, ugonjwa wa kinga unaokakamaza ngozi, na sasa nimeambiwa nitumie prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ajili ya ini. Nihofie nini?

Figo. Kwenye skleroderma, hasa ile ya ngozi kusambaa, prednisoloni inayozidi miligramu 15 kwa siku huongeza hatari ya figo kufeli ghafla. Muulize daktari kama azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, inaweza kuanza mapema ili dozi ya prednisoloni ishuke. Pima presha nyumbani na uandike namba. Ikipanda ghafla, au kichwa kikuume sana, macho yafifie au mkojo upungue, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina sirosisi, yaani makovu kwenye ini, na viungo vinauma. Nimeze nini?

Parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki ziache: huumiza figo na huleta damu tumboni.

Vipimo vya ini vimekuwa vizuri mwaka mzima. Naweza kuacha azathioprini?

Bado. Kwa homa ya ini ya kinga, ALT na IgG zote zikae sawa angalau miaka 2, na hata hapo wengi hurudiwa na ugonjwa. Tena, huenda dawa hiyohiyo ndiyo inayotuliza viungo vyako, kwa hiyo daktari wa ini asiiondoe bila kuzungumza na wa viungo.